Kutangaza Bila Kujibiwa

Ujumbe wenyewe ni mfupi kuliko salamu, na hauna hata neno moja. Unaeleza gari liko wapi, linakwenda kasi gani, limeelekea upande gani, na kama mguu wa dereva umekanyaga breki. Kisha unarushwa hewani kwa yeyote aliye karibu, mara kumi kila sekunde, safari nzima. Agosti 2012, katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan nchini Marekani, karibu magari 3,000 yalianza kurushiana jumbe za namna hii barabarani: magari ya watu wanaokwenda kazini, malori, mabasi ya abiria. Mengi yalibeba kifaa cha kutuma tu. Machache yaliweza pia kumwonya dereva. Chuo Kikuu cha Michigan kilisimamia jaribio hilo kwa niaba ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Kadiri ninavyozidi kuuchungulia ufundi uliokuwa ndani ya visanduku vile, ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu waliouunda, kwa sababu walitakiwa kujenga kitu cha kutegemewa juu ya kitu kisichotegemeka hata kidogo: mawimbi ya redio kati ya vyuma vinavyokimbia.

Kazi huanza ndani ya gari, kabla antena haijafanya lolote. Kipokezi cha setilaiti hutoa mahali gari lilipo. Mtandao wa nyaya za gari lenyewe hutoa mwendokasi unaopimwa kwenye magurudumu, pembe ya usukani, hali ya breki, na kiasi gari linavyoongeza au kupunguza kasi. Vyote hivi hubadilishwa kuwa namba, na kila namba hupewa biti zinazoitosha, bila ziada. Latitudo na longitudo huandikwa kwa sehemu moja ya milioni kumi ya digrii, kipimo ambacho juu ya ardhi ni kama sentimita moja. Mwendokasi huandikwa kwa hatua za sentimita mbili kwa sekunde. Muda huandikwa kwa milisekunde ndani ya dakika iliyopo, na basi. Hakuna saa, siku wala mwaka, maana habari ya gari iliyopita dakika nzima si habari tena. Kuna namba ya utambulisho ya muda, isiyomtaja mtu. Kuna kihesabio kinachopanda kutoka 0 hadi 127 na kuanza upya, na umuhimu wake utaonekana baadaye. Kiini chote hiki kinaingia katika baiti kama 40.

Nyuma ya kiini hicho hufuata alama za njia ambayo gari limetoka kuipita, angalau mita 200 za mwisho. Tazama uangalifu uliopo hapa. Barabara ikiwa imenyooka, alama chache zinatosha kuieleza. Barabara ikipinda, alama huongezwa pale tu mstari unapotaka kuachana na njia halisi kwa zaidi ya mita moja. Kwa hiyo gari lililo nyuma linaweza kujua kama lile la mbele, lililofunga breki ghafla kwenye kona, liko kwenye njia yake au kwenye njia ya pili, na linajua hivyo kwa gharama ya baiti chache mno.

Kisha ujumbe hutiwa saini ya kidijitali. Pasipo saini, mtu mwenye redio kando ya barabara angeweza kutangaza gari lisilokuwepo na kuwafanya watu wafunge breki bure. Saini peke yake ina baiti 64, yaani ni kubwa kuliko kiini inachokilinda, na lazima iambatane na cheti kinachothibitisha kwamba kifaa ni halali. Lakini cheti kisichobadilika kingemwezesha mtu kumfuatilia dereva mji mzima. Ndiyo maana katika mpango wa Marekani gari hupewa vyeti 20 kwa wiki, na hubadilisha kimoja kwa kingine kila baada ya dakika chache. Namba ya utambulisho nayo hubadilika papo hapo, ili mtu asiunganishe ya zamani na mpya. Na kwa kuwa cheti ni kizito, hakitumwi kila mara. Hutumwa kizima kama mara mbili kwa sekunde, na kwenye jumbe nyingine huwekwa alama yake fupi ya baiti nane. Mwenye kusikia cheti mara moja hukihifadhi na kuitambua alama. Ubahili huu wa baiti unaweza kuonekana umezidi, mpaka tufike kwenye foleni.

Sasa ujumbe uko tayari kutoka. Mwaka 1999 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilitenga masafa ya gigahezi 5.850 hadi 5.925 kwa ajili ya usalama barabarani, na Ulaya ikafuata mwaka 2008 kwa kipande ndani ya eneo hilohilo. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa sentimita tano hivi. Halipiti kwenye lori. Halizunguki vizuri kona ya jengo la zege. Redio yenyewe haikubuniwa upya. Wahandisi walichukua Wi-Fi, ambayo ilikuwa imekwisha kupevuka na ilikuwa rahisi kutengeneza, wakaanza kuifungua kiungo kimoja kimoja.

Wi-Fi ilikuwa imeundwa kwa ajili ya watu waliokaa. Kabla hujatuma chochote unajitambulisha, unaomba kujiunga, unasubiri kukubaliwa. Magari mawili yanayokutana kwenye njia panda hayana muda huo, basi hatua hizo zote zikaondolewa: gari linasema mara tu lina la kusema. Kisha wakapunguza upana wa chaneli kutoka megahezi 20 hadi 10, hivyo kila alama ya redio ikachukua mikrosekunde nane badala ya nne. Upunguzaji huo una sababu nzuri. Barabarani wimbi hufika kwa njia nyingi: moja kwa moja, kwa kuruka kwenye ubavu wa basi, kwa kugonga daraja. Miangwi hiyo huchelewa, na ikichelewa sana huingilia alama inayofuata. Nafasi ya ulinzi kati ya alama na alama iliongezeka maradufu, kutoka mikrosekunde 0.8 hadi 1.6, muda unaotosha mwangwi uliosafiri mita 480 zaidi ya wimbi la moja kwa moja kufika na kutulia. Kwa kusema polepole, redio ikaanza kueleweka. Kanuni hizo zilipitishwa mwaka 2010 kwa jina la 802.11p.

Tatizo moja lilibaki, na mimi naona ndilo lililowapima zaidi mafundi wa vipokezi. Mwanzoni mwa kila ujumbe kuna alama zinazojulikana tangu awali. Kipokezi huzitumia kupima jinsi hewa ilivyopotosha mawimbi, kisha hurekebisha yanayofuata kwa kipimo hicho. Ujumbe wa baiti 300, kwa kasi ya biti milioni sita kwa sekunde, huchukua muda usiofika nusu ya milisekunde. Ni muda mfupi mno, lakini magari mawili yanayokabiliana, kila moja likienda kilomita 100 kwa saa, husogeleana karibu sentimita mbili na nusu katika muda huo. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi. Kwa maneno mengine, hewa iliyopimwa mwanzoni mwa ujumbe si ile ile inayopitisha mwisho wake. Jibu walilolipata mafundi ni kukifanya kipokezi kisiache kupima: kila kipande cha ujumbe kikisha kueleweka hutumika kusahihisha kipimo kwa ajili ya kipande kinachofuata. Kipokezi kizuri na kibaya hutofautiana hapo, ingawa kwa nje vyote ni kisanduku kimoja cha plastiki.

Na kabla ya kusema, gari husikiliza. Hewa ikiwa kimya, ujumbe unatoka. Ikiwa kuna anayesema, gari husubiri amalize, kisha huchagua namba yoyote kuanzia 0 hadi 15 kwa bahati nasibu, na kuihesabu kurudi nyuma, hatua moja kila mikrosekunde 13 za ukimya. Mwingine akianza kusema katikati, hesabu husimama palepale. Akimaliza, inaendelea ilipoishia. Anayefika sifuri kwanza ndiye anayesema. Hakuna msimamizi. Utaratibu wote unashikiliwa na kila mmoja kukubali kungoja.

Katika Wi-Fi ya nyumbani, aliyepokea hurudisha jibu fupi la kukiri. Jibu lisipokuja, mtumaji huchukulia kwamba ujumbe umepotea, na hurudia. Katika kutangaza, jibu halipo, na haliwezi kuwepo: magari mia moja yakikiri kila ujumbe, majibu yenyewe yataijaza hewa. Dereva wa lori lililoharibika kwenye barabara zetu, akikata matawi na kuyatandaza lami nyuma ya lori lake, hamjui atakayeyaona wala hapati taarifa kwamba yameonekana. Gari linalotangaza liko katika hali hiyohiyo, na kila uamuzi wa wahandisi hawa umetokana nayo.

Uchungu wa kutojibiwa huonekana zaidi kwenye njia panda yenye majengo. Gari moja linatoka kaskazini, lingine mashariki. Jengo la pembeni linazuia mawimbi, hivyo hayasikiani. La tatu liko katikati na linayasikia yote mawili. Kila moja la yale mawili linasikiliza, linakuta kimya, linasema. Jumbe zote mbili zinagongana kwenye antena ya la tatu na kuharibika, na watumaji wote wawili wanaamini wamefanya vyema. Mbaya zaidi, yote yanatangaza kila baada ya milisekunde 100. Yakigongana mara moja, yatagongana tena mara inayofuata, na inayofuata, kwa sababu yana mwendo mmoja wa wakati. Dawa yake ni ndogo mno: kila mara gari huwahi au huchelewa kwa milisekunde chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Mgongano wa leo hautabiri wa kesho. Ni marekebisho ambayo hakuna dereva atakayeyajua, na bila hayo njia panda zingekuwa na magari yasiyoonekana kwa sekunde nyingi mfululizo.

Basi kutegemeka kunatafutwa kwa kurudia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwemo Raja Sengupta, walichapisha wazo la wazi kabisa: gawanya uhai wa ujumbe katika nafasi ndogo ndogo, chagua kadhaa kwa bahati nasibu, na uurudie ujumbe katika hizo. Hesabu yao ilionyesha pia ukomo wake. Kurudia husaidia mpaka kiwango fulani. Ukizidisha, marudio ya kila mmoja huwa kelele kwa wengine, na wote husikika kidogo kuliko mwanzo. Ujumbe wa mara kumi kwa sekunde ni kurudia kwa namna yake, maana kila mmoja unaujazia pengo uliotangulia. Ikiwa jumbe tatu katika kumi hupotea, uwezekano wa kupotea tano mfululizo ni mbili au tatu katika elfu moja. Lakini hesabu hiyo ni ya kweli tu pale ambapo hasara hazihusiani. Lori likikaa katikati, hasara huja kwa mkupuo. Wahandisi waangalifu hawaulizi tu ni jumbe ngapi zimepotea. Huuliza ni muda mrefu kiasi gani gari moja lilikaa bila kusikia chochote kutoka kwa lingine.

Sasa twende kwenye foleni. Ujumbe mmoja unashika hewa karibu milisekunde 0.44. Hata kama magari yangepangana kikamilifu, bila pengo wala mgongano, sekunde moja ingebeba jumbe kama 2,200, yaani magari 220 yanayotangaza mara kumi. Barabara ya njia nane iliyojaa, kwa mita 300 kila upande, inaweza kuwa na magari zaidi ya 600. Hewa haitoshi. Ndipo inapoeleweka kwa nini kila baiti ilipigiwa hesabu.

Njia ya haraka ingekuwa kuamuru wote wapunguze. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, katika kanuni zake za mwaka 2016, kilichagua njia yenye subira zaidi, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. Kila gari huhesabu majirani linaowasikia ndani ya mita 100. Wakiwa 25 au pungufu, linaendelea kutangaza kila milisekunde 100. Wakizidi, nafasi kati ya jumbe hupanuka kwa uwiano: majirani 50, milisekunde 200; na kikomo ni milisekunde 600. Nguvu ya kutuma nayo hushuka pole pole kadiri hewa inavyozidi kujaa. Gari lililosimama kwenye foleni linasema kidogo, na halimnyimi mtu kitu, kwa kuwa kila mtu anajua lilipo.

Lakini vipi kama ndani ya foleni hiyo gari moja linachomoka ghafla? Hapo gari hufanya jambo ambalo sijaona mfano wake katika redio nyingine. Ndani ya kumbukumbu yake hutunza picha ya kile majirani wanachoamini kulihusu. Walisikia mara ya mwisho kwamba liko hapa, linakwenda kasi hii, uelekeo huu. Basi sasa watakuwa wanadhani limefika pale. Linalinganisha dhana hiyo na mahali lilipo kweli. Tofauti ikiwa ndogo, linanyamaza. Tofauti ikianza kukua, kwa sababu dereva amekata kona au amebadili kasi, linasema mapema bila kungoja zamu. Na kwa kuwa halijui kama ujumbe wake wa mwisho ulifika, linapima jinsi linavyopokea vibaya jumbe za wengine, na kwa kiasi hichohicho linakisia kwamba nao huenda hawakulisikia. Wakati mwingine hujihesabu kama ambaye hakusikika, na kurudi kwenye picha ya zamani zaidi. Breki kali, inayozidi sehemu 0.4 ya nguvu ya mvutano wa dunia, haifuati hesabu yoyote kati ya hizi. Hutangazwa papo hapo. Hakuna aliyejibu, na bado gari limepata njia ya kujali kama limesikika.

Upande wa mpokeaji, kazi ni kuchuja. Jumbe mamia hufika kila sekunde, na kuthibitisha saini ya kila mmoja kunahitaji nguvu kubwa ya kompyuta. Baadhi ya watengenezaji huanza kwa kukadiria: je, gari hili linaweza kukutana na langu? Lile linaloondoka upande wa pili halihitaji kuchunguzwa. Lile linalokaribia kona kwa kasi linathibitishwa kwanza, na onyo halitolewi mpaka saini ikubalike. Onyo linalolia ovyo humfundisha dereva kutolijali, kwa hiyo kuwa kimya ni sehemu ya ubora wake.

Na hatimaye huja kupima, kazi isiyo na sifa ambayo huchukua miaka. Gari moja husimama, lingine huondoka polepole likitangaza. Fundi hutazama kile kihesabio cha 0 hadi 127: baada ya 41 ikija 44, jumbe mbili zimepotea. Anaandika umbali. Wanarudia antena ikiwa katikati ya paa, kisha ikiwa nyuma. Wanarudia paa likiwa la kioo, ambalo hubadilisha kabisa namna wimbi linavyosambaa. Wanarudia na lori refu likiwa kati, ambalo kichwa chake kinaweza kusikika huku tela lake likimficha kila aliye nyuma. Wengine huongeza antena ya pili upande mwingine, ili wimbi likifia kwa moja lipone kwa nyingine. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Michigan kilifungua Mcity, mtaa mzima wenye njia panda na taa lakini usio na wakazi, ili majaribio kama haya yarudiwe mpaka sababu ya kila ujumbe uliopotea ijulikane.

Serikali zilikuwa na mwendo wake. Desemba 2016 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipendekeza redio hizi ziwe lazima katika magari mapya, na pendekezo hilo halikuwa sheria. Novemba 2020 Tume ya Mawasiliano ilichukua megahezi 45 kati ya zile 75 na kuziachia Wi-Fi, na zilizobaki ikazielekeza kwa teknolojia nyingine, iliyotokana na mitandao ya simu. Huko Ulaya, Volkswagen ilikuwa imekwisha kuweka redio ya 802.11p katika Golf ya kizazi cha nane, mwaka 2019. Nasikitika kwa muda uliopotea Marekani, lakini ufundi wenyewe haukutupwa.

Redio mpya haisikilizi kimya cha mikrosekunde. Husikiliza sekunde nzima, hutafuta nafasi iliyo tupu, na kuishika kwa jumbe kadhaa mfululizo kabla ya kuchagua nyingine. Mpango ni nadhifu, lakini una tundu lilelile la njia panda: magari mawili yakishika nafasi moja, yatagongana kila mara mpaka moja lihame, na kwa kuwa redio haiwezi kutuma na kusikia kwa wakati mmoja, hakuna kati yao litakalogundua. Wahandisi wa SAE walilitambua, kwa maana walikwisha kukutana nalo. Katika kanuni za redio hiyo wakaweka sharti jipya: kila baada ya jumbe chache, kwa idadi inayochaguliwa kwa bahati nasibu, gari liache nafasi yake, litangaze ujumbe mmoja mahali pengine, kisha lirudi.